Ilikatika au ilikatwa? Namna ya kuhukumu sarafu yenye pengo

Mwezi wa tisa mwaka jana, siku ya Jumapili, mjomba alinikalisha uani kwake hapa Lubumbashi, akaleta kopo la maziwa ya unga ambamo marehemu babu alikuwa akitunza sarafu za zamani. Akachagua moja, akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961, ile yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ukingoni ilikuwa na pengo, kana kwamba mtoto ameiuma akidhani ni biskuti.

"Mwipwa, weye ulisoma," aliniambia. "Kiwanda njo ilikosea, ao hapana?"

Swali lake halikuwa la kupitisha wakati. Mtu mmoja wa mjini anayenunua vitu vya kale alikuwa amemwambia kwamba sarafu iliyoharibika mikononi mwa watu haina bei, lakini iliyokosewa kiwandani yeye yuko tayari kuilipia dola 200. Sharti lilikuwa moja: iletwe na karatasi yenye saini ya mtu wa chuo kikuu. Na dola 200 zilikuwa na kazi tayari. Binamu yangu alikuwa hajamaliza kulipa minervali yake, na wasiomaliza hawaingii katika mtihani.

Niliigeuza sarafu mara mbili. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi ya kahawia sawasawa na sarafu nzima, nikaona kwamba pengo ni la zamani. Nikasema: "Inawezekana." Neno hilo moja nililitoa uani saa nane mchana. Jioni mama alinipigia simu kunipongeza kwa kuthibitisha sarafu ya babu. Sisi tunaosoma semantiki tunajua kwamba "inawezekana" haidai chochote zaidi ya kuwa mlango haujafungwa. Katika nyumba yenye deni, neno hilo husikika kama "ndiyo". Nasimulia haya ili msomaji ajue kwamba somo hili nilijifunza baada ya kukosea, wala sikulianza nikiwa mtaalamu.

Niliomba wiki mbili. Nikatafuta jinsi sarafu zinavyotengenezwa, nikaazima kioo cha kukuzia kwa fundi wa saa na kuruhusiwa kutumia mizani ya sonara. Nilichogundua mapema ni kwamba swali la mjomba lilikuwa la kiisimu kuliko nilivyofikiri.

Tuanze na neno "kosa". Katika Kiswahili neno hili hubeba mizigo mingi: hatia, kukosekana kwa kitu, kutokulenga shabaha. Katika masomo ya ufundishaji wa lugha tumesoma tofauti aliyoieleza S. P. Corder katika makala yake ya mwaka 1967: kuna kosa linalotokana na mfumo wa mwanafunzi mwenyewe, analolirudia kila siku kwa sababu ndivyo anavyoijua lugha, na kuna kuteleza kwa ulimi, ambako hata mzawa huteleza kisha akajirekebisha. Kiwanda cha sarafu nacho kina hali hizo mbili. Muhuri wa chuma unaopiga chapa ukichongwa vibaya, kwa mfano herufi ikachongwa mara mbili, basi kila sarafu itakayotoka chini ya muhuri huo itakuwa na herufi mbili. Hilo ni kosa la mfumo. Lakini kipande kimoja kikikaa vibaya chini ya muhuri ulio mzima, sarafu moja tu itatoka imepinda, na ya baada yake itakuwa nzuri. Huko ndiko kuteleza kwa ulimi.

Kuna hali ya tatu, na hiyo ndiyo inayowatesa wanunuzi: yaliyoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani. Imekanyagwa na gari moshi, imepigwa nyundo, imetobolewa ivaliwe shingoni, imekaa katika tindikali. Hapo kiwanda hakikusema neno lolote. Ukurasa wa hati ya zamani ukiliwa na mchwa, hakuna mhariri atakayeandika kwamba mwandishi alisahau maneno matatu.

Mfano wa hati unafaa kuliko wa Corder, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Aliyewahi kutazama hati za kale zilizoandikwa juu ya ngozi anajua kwamba ngozi nyingine zilikuwa na matundu tangu mwanzo. Mwandishi alipofika kwenye tundu alilizunguka: nusu ya neno huku, nusu kule, na maana haikupotea. Tundu lililokuja baadaye halina adabu hiyo. Hupita katikati ya herufi. Kwa hiyo msomaji wa hati haulizi tu "je, kuna tundu?" Huuliza "kipi kilitangulia, tundu au wino?" Sarafu yenye pengo huulizwa swali hilohilo. Pengo lilikuwapo wakati chapa inapigwa, au lilikuja baada yake?

Kulijibu kunahitaji kujua hatua za kazi. Bamba la madini hupitishwa chini ya vikatio vya mviringo, na kila kipigo hudondosha visahani vitupu visivyo na maandishi. Bamba lisiposogea kiasi cha kutosha, kikatio huangukia juu ya sehemu ya tundu la kipigo kilichotangulia, na kisahani hutoka kikiwa na pengo lenye umbo la upinde. Kikatio kikiangukia mwisho wa bamba, pengo huwa mstari ulionyooka. Baadaye kisahani huviringishwa kikiwa kimebanwa ubavuni, ili ukingo wake uinuke kidogo. Mwisho huwekwa ndani ya pete ya chuma, kati ya mihuri miwili, na kupigwa chapa kwa nguvu ya tani nyingi. Kwa nguvu hiyo madini, ingawa ni baridi, hutiririka kama unga wa ugali uliokandwa: huingia kwenye mashimo ya herufi na kusukumwa hadi kwenye pete.

Sasa fikiria kisahani ambacho tayari kina pengo kinapopita hatua hizo. Kinapoviringishwa, mahali pa pengo hapana kitu cha kubanwa, na kwa kuwa kubanwa kunahitaji pande mbili, upande unaolikabili pengo nao haubanwi vizuri. Ndiyo maana sarafu halisi ya aina hii mara nyingi huwa na ukingo uliofifia kwenye upande ulio mkabala na pengo. Wakusanyaji wa sarafu huiita hali hii athari ya Blakesley. Haionekani kwenye kila sarafu, hivyo kukosekana kwake peke yake hakutoshi kuhukumu. Ila ikionekana, ni shahidi mwenye nguvu, kwa sababu anayekata sarafu kwa mkasi hafikirii kufifisha ukingo wa upande wa pili.

Shahidi mwingine ni herufi. Chapa inapopigwa, madini yaliyo karibu na pengo hayana pete ya kuyazuia, nayo hukimbilia kwenye uwazi. Herufi za mahali hapo huvutika na kupungua kina, kama sauti ya mtu anayeongea huku akiondoka. Herufi zikiwa na kina kamili hadi kwenye mstari wa pengo, kisha zikaishia ghafla, pengo lilizikuta tayari zimeandikwa.

Na kuna umbo la pengo lenyewe. Kwa kuwa pengo la upinde limechorwa na kikatio kilekile kinachotengeneza visahani, upinde wake unakaribiana na mviringo wa sarafu yenyewe. Chukua sarafu nzima ya aina hiyo, isogeze kwenye pengo: inapaswa kukaa humo kama mtoto mgongoni.

Sarafu zenye maumbo mengine nazipitia kwa haraka. Iliyopigwa nje ya kitovu huwa na picha upande mmoja na mwezi mtupu upande mwingine, na uzito wake ni kamili. Iliyopigwa bila pete hutanuka, ubavu wake huwa laini, na uzito wake pia ni kamili. Ile iliyopondwa kwa nyundo nayo ina uzito kamili, lakini picha yake imelala na herufi zimenenepa zikiwa bapa, jambo ambalo muhuri hauwezi kulifanya. Kuna pia zile ambazo watu hupigapiga ukingo wake kwa kijiko kwa muda mrefu ili watengeneze pete ya kidole: kipenyo hupungua, ukingo huwa mnene na kuinamia ndani ukifunika herufi za pembeni. Mizani inasaidia kutenganisha aina hizi na sarafu iliyopunguka madini. Kwa sarafu ya mjomba mizani haikuweza kutoa hukumu, kwa kuwa pengo la kiwandani na pengo la mkasi yote mawili hupunguza uzito.

Kabla ya kufika kwake, kopo la babu lilikuwa na mitego miwili mingine ambayo nadhani itawafurahisha wenzangu wa idara.

Wa kwanza ni faranga 2 ya mwaka 1943. Ina pembe sita, imetengenezwa kwa shaba ya manjano, na upande mmoja anatembea tembo. Mtoto wa jirani alipoiona alisema mara moja: hii ndiyo iliyokosewa! Kweli umbo lake linashangaza kwa aliyezoea sarafu za mviringo. Lakini babu alikuwa nazo nne, zote zenye pembe sita zilizo sawa, na picha ya tembo imekaa katikati ya pembe hizo bila kukatwa. Ubelgiji wakati huo ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na sarafu hizo za Kongo zilipigwa Marekani, katika kiwanda cha Philadelphia. Miaka michache baadaye, 1946 na 1947, faranga 2 ilirudi kuwa ya mviringo. Umbo la ajabu linalorudiwa na sarafu zote za toleo lake ni uamuzi wa mtu aliyeketi mezani. Nasi katika sarufi tunalo jambo kama hilo: anayesikia kwa mara ya kwanza "kitabu" na "vitabu", neno la Kiarabu lililoingizwa katika ngeli ya ki-/vi-, anaweza kudhani ni utani. Lakini wasemaji wote husema hivyo, basi ni sarufi.

Mtego wa pili aliutega mke wa mjomba. Alichukua kipande chepesi cha alumini cha mwaka 1967 akasema: "Tazama, hapa bameandika 'likuta'. Ile neno haiko. Kuko makuta tu." Akataka nayo iuzwe kama kosa. Nilicheka, kisha nikaona kwamba ana hoja. Mwaka 1967 serikali ilipoacha faranga, zaire moja iligawanywa katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Waliotengeneza sarafu walifuata sarufi: kwenye sarafu ya moja waliandika likuta, kwenye ile ya tano, yenye picha ya Mobutu, wakaandika makuta. Ni ngeli ya li-/ma-, umoja na wingi. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi, makuta ni fedha kwa jumla. "Sina makuta" maana yake sina fedha, na hakuna anayelia kwamba amebaki na likuta moja. Umoja umekufa, wingi umebaki na kupata maana mpya. Kwa hiyo shangazi hakuona kosa la kiwanda. Aliona sarufi ya mwaka 1967 ikisimama mbele ya sarufi yake mwenyewe, na moja haikuitambua nyingine. Nilimweleza. Alisema sawa, lakini kwa nini basi isiuzwe.

Sasa ile yenye pengo.

Babu alikuwa na faranga 5 nyingine tatu za Katanga, nzima, za mwaka uleule. Hiyo ilikuwa bahati yangu kubwa, kwa sababu sarafu hulinganishwa na ndugu zake, kama vile neno lisiloeleweka linavyolinganishwa na matumizi yake mengine katika matini ileile. Asiye na ndugu wa kulinganisha hubaki akikisia. Nilizipanga nne juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, nikaanza na upande ulio mkabala na pengo. Ukingo wake ulikuwa umeinuka vizuri kama wa ndugu zake, bila kufifia popote. Niliandika daftarini: haitoshi.

Nikasogeza sarafu nzima kwenye pengo. Haikukaa. Nilipotazama kwa kioo niliona kwa nini: pengo halikuwa upinde. Lilikuwa mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja mfupi, iliyokutana kwenye pembe ndogo sana ambayo jicho tupu liliilainisha na kuigeuza upinde. Bamba la kiwandani huwa na mwisho mmoja ulionyooka. Mistari miwili inayokutana hivyo ni mkasi wa bati uliouma, ukashindwa kumaliza, ukarudishwa kuuma tena.

Kisha nikatazama herufi. Ile ya mwisho kabla ya pengo ilikuwa na kina kamili, miguu yake imesimama wima, na mguu mmoja ulikuwa umekatwa nusu bila kuvutika hata kidogo. Na upande wa nyuma, mkasi ulikuwa umesukuma ulimi mwembamba wa madini, ukainama na kufunika sehemu ya pambo lililo chini yake. Hapo niliacha kuandika. Ulimi hauwezi kulalia juu ya chapa ambayo haijapigwa.

Hoja hii ya mwisho ni ileile tunayoitumia katika isimu ya kihistoria tunapopanga mabadiliko ya sauti kwa zamani zake. Kiswahili sanifu kina "njaa" pale ambapo Lingala ina "nzala", na hapa Lubumbashi wengi wetu tunasema "njala" bila aibu. Kilipoteza l katika maneno mengi ya namna hiyo: kuzaa, kufungua. Lakini "mali" na "hali", maneno yaliyotoka katika Kiarabu, yana l yake salama. Sababu yake ni kwamba yalifika wakati l ilikuwa imekwisha kuacha kudondoka. Mkasi ulikuwa umewekwa chini. Hatukuwepo, hatuna tarehe, lakini tunajua kipi kilitangulia, kwa sababu kimoja kimeacha alama juu ya kingine au kimeshindwa kuiacha. Kwenye sarafu ya babu, mkasi ulikuta herufi zimekwisha kuwepo.

Ilibaki ile rangi ya kahawia iliyonidanganya Jumapili ile. Niliona kwamba nilikuwa nimejibu swali lisiloulizwa. Rangi ya mkato ilinionyesha kwamba mkato ni wa zamani, nami nikaruka kutoka "wa zamani" hadi "wa kiwandani". Shaba nyeusi iliyokatwa miaka ya sitini imekuwa na miaka sitini ya kubadilika rangi. Umri wa jeraha hausemi nani alijeruhi.

Nilipomaliza niliandika ripoti ya nusu ukurasa, na hapo Kiswahili kikanibana. Katika Kifaransa ningeweza kuandika kwamba sarafu "ina mkato", nomino tu, nikampa mjomba kivuli cha kupumzikia. Kwa Kiswahili pia ningeweza, lakini si hivyo tunavyosema. Tunatumia kitenzi, na kitenzi kinadai kauli. Mjomba siku zote alisema "ilikatika", kauli ya kutendeka: jambo limetokea, hakuna mtendaji anayehitajika, kama kikombe kilichovunjika katika nyumba yenye watoto wanne. Mimi nilitakiwa kuandika "ilikatwa", kauli ya kutendwa, ambayo hata isipomtaja mtendaji humwachia kiti chake mezani. Nilijaribu sentensi tano za kukwepa. Kwa haki, hata sarafu yenye pengo la kiwandani ilikatwa, na mashine. Kwa hiyo kauli peke yake haitoshi na lazima uongeze wakati. Niliandika hivi: "Sarafu hii ilikatwa kwa mkono baada ya kupigwa chapa." Maneno tisa, na dola 200 ziliishia humo.

Jumamosi nilikwenda kwa mjomba. Nilimwonyesha ulimi wa madini kwa kioo, nikamwonyesha pembe ya mistari miwili, nikamwomba aisogeze sarafu nzima kwenye pengo kwa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza mara tatu. Kisha akasema:

"Lakini ule mutu haina kioo. Anangojea tu karatasi."

Ilikuwa kweli. Mnunuzi hakutaka ukweli wa sarafu. Alitaka karatasi, pengine ili naye amwuzie mwingine kwa bei kubwa zaidi. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mjomba kwamba karatasi ingekuwa na jina langu, na kwamba mtu wa tatu au wa nne atakayeinunua atakuwa na kioo. Alinyamaza. Kwetu huwezi kumkatalia mjomba mara mbili katika mazungumzo mamoja, nami nilikuwa nimekwisha kumkatalia mara moja, kwa hiyo nilinyamaza pia. Chai ilipoa.

Aliyetusaidia ni nyanya, ambaye alikuwa amelala chumba cha pili na, kama kawaida, alikuwa amesikia kila neno. Alitoka akauliza ni sarafu ipi. Alipoishika alisema kwamba mumewe ndiye aliyeikata, katika karakana alikokuwa akifanya kazi, kwa sababu watu walikuwa wakisema kwamba faranga 5 nyingine ni za dhahabu. Alitaka kuona rangi ya ndani.

Hapo ndipo niliposhukuru kwamba nilikuwa nimesoma kidogo. Uvumi ule ulikuwa na msingi: Katanga, wakati wa kujitenga kwake, ilitoa faranga 5 ya mwaka 1961 katika shaba nyeusi kwa matumizi ya kila siku, na pia katika dhahabu. Ile ya dhahabu ina uzito wa zaidi ya gramu 13, karibu mara mbili ya nyingine. Mizani ya dukani ingemjibu babu bila mkasi. Lakini yeye alikuwa mtu wa karakana, naye aliuliza madini kwa chombo alichokuwa nacho. Katika mkoa ambao kuanzia 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba, nadhani hakuna kilichomshinda kama kuamini kwamba humo ndani mlikuwa na shaba tu.

Nyanya alicheka kwanza. Mjomba alichelewa kidogo, kisha naye akacheka, lakini si kwa muda mrefu, maana minervali ilikuwa bado.

Tulimpelekea mnunuzi faranga 2 mbili za pembe sita na sarafu moja nzima ya Katanga, bila karatasi yoyote. Alilipa bei ya kawaida, ambayo haikufika hata robo ya dola 200. Aliuliza habari ya ile yenye pengo. Mjomba alimjibu, "Ile baba njo aliikata," akafunga kopo. Sehemu iliyobaki ya minervali mama na ndugu zake waliichanga, na binamu aliingia katika mtihani siku ya pili yake, akiwa amekosa karatasi moja ambayo ataifanya katika kipindi cha pili.

Shangazi bado anaitunza likuta yake. Anasema atangoja mtu wa chuo mwenye akili zaidi yangu.